Kichwa cha Jiko

Maneno yale yalishonwa kwa uzi wa bluu upande wa moyo, kwenye koti jeupe ambalo bosi wangu alilileta kutoka Songea likiwa limefungwa kwenye gazeti. Alinikabidhi asubuhi, nikiwa nyuma ya jiko naparua samaki wa magege, mikono imejaa magamba. Ziwa Nyasa siku hiyo lilikuwa limetulia mno, na milima ya ng'ambo, ya Malawi, ilionekana hafifu kama kitu ambacho mtu amekifikiria tu kisha akakiacha. Nilinawa, nikalivaa lile koti. Mabegani lilikuwa kubwa kidogo. Bosi alirudi nyuma, akaniangalia jinsi mtu anavyoiangalia nyumba yake iliyopakwa rangi mpya, kisha akasoma kwa sauti, polepole, akijitahidi kuyatamka vizuri.

"Chef de Cuisine."

Alikuwa mzee mstaafu wa serikali, mtu wa Tanga. Ujanani aliletwa huku kikazi, akapapenda, na alipostaafu akajenga nyumba ya wageni hapa Mbamba Bay, vyumba vichache vinavyotazama maji. Maneno yale aliyaona kwenye televisheni.

"Bosi," nilimwambia, "mbona jikoni tuko wawili tu?"

"Wawili wanatosha. Mmoja akiwa mkuu, anabaki mmoja wa kuongozwa."

Huyo wa kuongozwa alikuwa mama wa Kinyasa aliyenizidi umri, ambaye ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa muhogo bila kuupa nafasi ya kufanya madonge. Alicheka mpaka akalazimika kuweka sufuria chini. Tangu siku hiyo, akitaka nimpishe njia, alikuwa akisema "Samahani, mkuu," na kunisukuma kwa nyonga.

Kwa muda fulani koti lile lilikuwa burudani ya ufuko mzima. Wanawake waliotuletea dagaa walisimama mlangoni, beseni kichwani, wakasoma kama tulivyofundishwa kusoma shuleni, silabi kwa silabi: che-fu de ku-i-si-ne. Mmoja aliniuliza kama ndilo jina langu la ubatizo. Watoto wa jirani walianza kuniita Dada Kuisine, na mimi nikawa naitika, kwa sababu jina lile lilikuwa na mlio mzuri likipazwa kutoka majini.

Neno lenyewe sikulisikia hapa kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza chuo cha hoteli nilifanya mazoezi Dar es Salaam, kwenye jiko la hoteli kubwa lisilo na dirisha hata moja. Mkuu wetu alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, na sisi wote tulimjibu "Ndiyo, shefu" kwa pamoja kama waumini kanisani. Nilichokishangaa ni kwamba sikumwona akipika. Alisimama pale sahani zinapotokea, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akataja jina la mtu, na mtu huyo akaja. Niliamini kwamba shefu ni mpishi aliyebobea mpaka amesamehewa kupika. Siku hizi neno limetapakaa. Pale stendi ya Mbinga kijana anayekaanga chipsi ana aproni iliyoandikwa hivyo hivyo, na wateja wanamwambia, "Shefu, niongezee pilipili." Hakuna anayeona ajabu.

Aliyenifumbua macho ni mtawa mzee aliyekuwa akituletea mayai kutoka kwenye nyumba ya masista. Ujana wake wote aliutumia Kongo, kule Lubumbashi, na aliporudi alikuja na Kiswahili cha huko ambacho kilimtoka zaidi akiwa amefurahi. Alasiri moja aliweka trei ya mayai mezani, akavaa miwani yake, akanisogelea kifuani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," nilimwamkia.

"Milele amina. Nani amekuandika hivi?"

"Bosi."

"Na maana yake unaijua?"

"Mpishi mkuu."

"Mpishi hayumo humu, mwanangu." Aliweka kidole juu ya neno la mwisho. "Hili, kwizini, ni jiko. Hili dogo la katikati ni 'la', la kuunganisha tu. Na hili la kwanza, shefu, ni mkuu. Kule Kongo kulikuwa na shefu wa kijiji. Kulikuwa na shefu wa stesheni ya treni. Shefu wa ofisi. Hakuna hata mmoja aliyepika! Sasa nyinyi mmekata mkia wa neno, mmebaki na kichwa, mkadhani kichwa peke yake ndiyo mpishi."

"Kwa hiyo mimi ni mkuu wa jiko."

"Mkuu wa jiko. Na zamani kabisa, aliniambia padri mmoja wa huko, shefu lilikuwa na maana ya kichwa. Kichwa hiki hiki." Akagusa kitambaa chake cheupe, akachukua trei tupu ya juzi, akaenda zake kando ya maji, viatu mkononi.

Nilibaki nimesimama. Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja na kurudi bila kelele, na mimi nikawa naliona lile koti kama limenigeukia. Kwa sababu nilipolifikiria jambo lile, mkuu wa jiko wa kwanza niliyewahi kumwona hakuwa yule mwanamume wa Dar es Salaam. Alikuwa mama yangu.

Kwetu ni milimani, juu ya Mbinga, kwenye kahawa na mahindi. Kijijini hakuna cheo cha mkuu wa jiko, lakini pakiwa na harusi, kipaimara au msiba, watu wakishakubaliana siku, kinachofuata ni mtu kutumwa kwa mama yangu. Yeye ndiye anayesema mafiga yapangwe wapi ili moshi usiende kwa wageni, nani apewe nyama na nani asipewe kwa sababu ana haraka, mchele uchaguliwe na akina nani. Nimekua nikimwona akitembea katikati ya masufuria makubwa na mwiko mrefu begani, kanga imefungwa kiunoni, hasemi sana. Wanawake walikuwa wakimtazama kama kwaya inavyomtazama anayeiongoza.

Basi kijana wa jirani yetu, ambaye alikwenda seminari akiwa mdogo, alipata daraja la upadri, na kijiji kikapangiwa misa yake ya shukrani. Mama alinipigia simu.

"Njoo unisaidie," alisema.

Nilishangaa. Hakuwahi kuniita. Mara zote nilikuja mwenyewe nikapewa vitunguu nimenye. "Kuna nini, mama?"

"Kuna watu wengi. Na uje na samaki."

Nilimwomba bosi ruhusa, nikanunua mbasa waliokaushwa kwa moshi, wakubwa, wenye rangi ya dhahabu iliyochakaa, nikawapanga kwenye kapu juu ya majani makavu ya mgomba. Koti nililiacha limetundikwa nyuma ya mlango. Ulikuwa msimu wa baridi. Gari lilipoanza kupanda niliona ziwa likibaki chini, likififia, mara lipo, mara halipo, na kila tulipozunguka kona hewa ilibadilika, mpaka nikafunga dirisha na kujifunika kanga ya pili. Karibu na nyumbani nilianza kusikia harufu ya kahawa iliyokobolewa, ile inayolala kwenye maji ikachachuka, tamu na kali kwa pamoja. Mtu akizaliwa kwetu, harufu hiyo ndiyo kalenda. Ukiisikia unajua ni miezi gani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za ziwani?"

"Nzuri. Mwaka huu kahawa inanuka mpaka barabarani."

Alinitazama kidogo, kisha akapokea kapu. "Ndiyo," alisema. "Imekuwa nyingi."

Tulikaa jikoni kwenye joto. Alikuwa amekonda. Wakati wa masika aliumwa homa kali, akalazwa, mimi nikaja kumwona nikarudi kazini alipoweza kutembea. Sasa alikuwa akinieleza habari za maandalizi, uso wake unang'aa kwa moto, na sufuria ya maziwa ilikuwa jikoni mbele yetu, karibu na goti lake. Nilisikia harufu ya kuungua. Nikangoja aitoe. Mama yangu, aliyekuwa akijua kutoka uani kwamba maharage ya ndani yamekauka maji, aliendelea kuzungumza.

"Mama, maziwa yanaungua."

Aliinama, akayatazama. Aliyatazama kwanza, ndipo akayaepua. "Uzee," alisema, akacheka. Nami nikakubali kuwa ni uzee, kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu.

Siku ya misa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mikaratusi iliyo nyuma ya kanisa ilionekana mashina tu, juu hakuna kitu. Watu walitokea kwenye weupe ule wakiwa wamebeba kuni, ndoo, masinia, wakageuka kuwa watu halisi walipofika karibu na moto, kisha wakaondoka na kuyeyuka tena. Mama alikuwa katikati na mwiko wake. Nilimfuata kama nilivyomfuata utotoni, na kwa mara ya kwanza nikamtazama kwa macho ya mtu wa kazi hiyo.

Aliweka sikio karibu na sufuria ya pilau, bila kufunua, akasema moto upunguzwe. Alitazama mvuke wa nyama akasema bado. Lakini kila palipohitajika kuonja, alimpa mtu kijiko. "Onja. Haya, sema." Mwanamke akasema chumvi inatosha, au haitoshi, na mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba alikuwa anamjaribu. "Ongeza kidogo. Onja tena. Sema." Vijana wa kike walimpenda kwa ajili hiyo. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mama siku hizi anafundisha.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Mpepai pamoja na mchango wa familia yake, dumu la mafuta ya kupikia. Alikuwa mchangamfu, mwenye mikono mizito, na hakuwa amepika na mama kwa miaka mingi. Akapewa kabichi. Alizipika kwa mafuta ya dumu lake, kwenye masufuria makubwa kabisa, akazipamba karoti na hoho, na zilipoiva akachota kwenye mwiko, akapuliza, akamletea mama mpaka mdomoni.

"Wifi, onja."

"Onja mwenyewe uniambie."

"Mimi ndiye mpishi, nitajisifu! Onja wewe."

Wanawake walikuwa wakitazama. Mama alionja. Alitafuna taratibu, akiangalia mbali kwenye ukungu, akameza. "Nzuri," alisema. "Ziepueni."

Nilikuwa napita na beseni la nyanya. Mvuke wa kabichi ulinipiga usoni, na ndani yake mlikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Niliona mwanamke mmoja amekunja pua, akamtazama mama, akaikunjua. Mama alikuwa amesema ni nzuri. Niliweka beseni chini, nikachovya kidole, nikalamba. Ulimi wote ulijaa taa ya chemli. Lile dumu, ilikuja kujulikana baadaye, liliwahi kubebewa mafuta ya taa, na waliolisafisha walidhani limetakata.

Nikamtazama mama. Bado alikuwa anaangalia ukungu. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana, na hapo maziwa, na vijiko, na ile simu, vyote vilinijia kwa pamoja.

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya ghala la mahindi.

"Mama. Kabichi zina mafuta ya taa."

Hakushtuka. Alifumba macho tu. "Sana?"

"Haziliki."

Alikaa kwenye gogo. Kutoka kanisani tulisikia kwaya ikianza wimbo wa maandamano, na kinanda kikiitafuta sauti yake.

"Tangu ile homa," alisema. "Niliamka siku moja nikanywa chai, ikawa maji ya moto. Nikaweka sukari, maji ya moto. Nikasema majani yameharibika, nikamtuma mtu akanunue mengine. Kisha nikanusa sabuni. Nikanusa mbuzi. Nikavunja kitunguu nikakiweka hapa puani. Machozi yalitoka, lakini harufu hakuna."

"Na nyumbani unapikaje?"

"Mkono unakumbuka. Baba yako anakula ninachompa, anasema asante." Akatabasamu, tabasamu likakatika. "Usiwaambie. Wakijua watanitafutia kiti kule mbele na wazee, wanipe soda. Nikae nitazame."

"Ndiyo maana uliniita."

"Nilitaka ukae karibu yangu. Nilifikiri utakuwa ulimi wangu, na mtu yeyote asijue. Halafu nikaona haya kukuambia."

Nilipiga magoti mbele yake kwenye nyasi zenye umande. Nilitaka kulia na sikuwa na muda. Nilimwambia tutasema sufuria zimemwagika, tutasema lolote. Lakini kutoka upande wa moto tulianza kusikia sauti zikipanda. Mtu alikuwa ameonja. Wanawake wawili watatu walikuwa wakimsema shangazi, kwamba ameharibu sherehe ya padri, kwamba mchango gani huo, na shangazi alikuwa akijibu kwa kilio, "Mbona yeye ameonja akasema nzuri? Mbona ameonja?"

Mama alisimama. Alijifunga kanga upya, akauweka mwiko begani, akatoka nyuma ya ghala akitembea kama kawaida yake. Nilimfuata nikiwa sijui anakwenda kusema nini.

"Mwacheni wifi yangu," alisema. "Dumu halikuwa na maandishi. Mimi ndiye niliyeonja. Nimesema nzuri kwa sababu sijui. Tangu niumwe sisikii ladha wala harufu. Hata hii nyama yote inayochemka hapa, kwangu ni mvuke tu."

Sufuria ziliendelea kuchemka. Mwanamke mzee aliyekuwa akichambua mchele aliinua macho kutoka kwenye ungo wake.

"Kwa hiyo?" aliuliza. "Kabichi hatuna tena. Watu wakitoka kanisani watakula nini?"

Nilidhani ni ukali. Kisha nikaona wote wamemgeukia mama, wanangoja, mikono imening'inia, vilevile kama zamani.

Mama naye aliliona. Alivuta pumzi. "Wenye bustani bondeni ni nani? Wewe, na wewe, na binti yako. Shukeni. Mchicha, majani ya maboga, figiri, chochote kilicho kijani, jazeni vikapu. Misa ya padri mpya ni ndefu, mnao muda, lakini msisimame kuongea. Wifi, acha kulia, osha hizo sufuria kwa majivu, mara mbili. Nani ana karanga zilizotwangwa? Nenda kachukue." Halafu akanigeukia. "Lete wale mbasa."

"Hawatoshi watu wote hawa, mama."

"Wakiwa vipande hawatoshi. Wachambue kwa vidole, toa miiba yote, watie kwenye mboga na karanga. Kila mtu apate kumsikia samaki hata asipomwona." Akanikabidhi mwiko. "Ladha ni yako leo. Mimi nitasema mengine."

Wanawake wa bondeni waliingia kwenye ukungu wakikimbia, na tuliwasikia wakicheka mteremkoni muda mrefu baada ya kutoonekana. Mimi nilikaa na samaki. Nyama yao ilikuwa ikiachia kwa nyuzi ndefu, na mikono yangu ikanuka ziwa pale juu mlimani, kwenye baridi. Vikapu vilirudi vimejaa, majani yakiwa na matone. Tulikaanga vitunguu kwa mafuta mengine, nyanya zikayeyuka, karanga zikaingia, kisha mbasa. Mama alisimama karibu yangu, bega kwa bega.

"Inanukaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Inanuka vizuri."

"Hilo si jibu. Niambie."

Nikafumba macho. Sikuwahi kuambiwa nieleze harufu, hata chuoni. "Kitunguu kimeanza kuwa kitamu," nilisema. "Kimeacha ule ukali. Nyanya iko nyuma yake, kama mtu anayebisha hodi. Moshi wa samaki ndio umetangulia. Ni moshi wa zamani, mama, wa nguo iliyoning'inia jikoni. Na chini yake kuna ziwa. Asubuhi, kabla jua halijapiga mawe, yakiwa bado na unyevu."

"Na karanga?"

"Karanga imetandika kila kitu. Kama blanketi."

Alikuwa amefumba macho na yeye. "Chumvi bado," alisema.

Nikaonja. Chumvi ilikuwa bado. Sijui alijuaje. Labda mkono wake ulihesabu wangu.

Tulikaa hivyo, mimi nikisema, yeye akisikiliza, na baada ya muda niligundua kwamba wanawake wengine walikuwa wamesogea. Mmoja alimwelezea nyama yake ilivyonuka iliki na mfupa. Mwingine alijaribu kueleza pilau akashindwa, akasema tu inanuka harusi, na mama akasema, "Hiyo naijua." Shangazi, macho bado mekundu, alisema maji ya majivu yananuka utoto. Ukungu ulianza kuinuka. Kilima cha ng'ambo kilitokea kipande kimoja kimoja, kahawa, mgomba, paa la bati, kisha ng'ombe mmoja amesimama peke yake kama amesahauliwa na ndoto ya mtu.

Misa ilipokwisha padri mpya hakwenda kwanza kwenye meza yake. Alikuja jikoni, na mavazi yake meupe, akiruka matope. Alisema mama zake hawakupata baraka kwa sababu walikuwa wakimpikia. Wote tulipiga magoti pale pale kwenye majivu na maganda, naye akapita akiweka mikono juu ya vichwa vyetu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa mama alikaa kidogo zaidi. Hakuwa anajua chochote. Alisema tu, "Mama, huku kunanuka vizuri mpaka altareni," na mama akajibu, "Nimeambiwa, Baba."

Mboga ile iliisha kabla ya nyama. Mzee mmoja wa kamati ya parokia alituma watu mara kwa mara waulize kama imebaki, na mwishowe akaja mwenyewe na sahani.

Jioni, jua likiwa limerudi kidogo kwa ajili ya kuaga, tulikaa wawili tukisugua sufuria. Hapo ndipo nilipomsimulia habari za yule sista, na lile neno la Kifaransa, kwamba ndani yake hakuna mpishi, kwamba maana yake ni mkuu wa jiko, na zamani lilikuwa kichwa. Mama alisikiliza huku akikwangua ukoko.

"Kichwa," alisema. "Basi mimi ni kichwa kisicho na pua." Akacheka kwa sauti, kicheko cha kweli, akanirushia povu.

Nilimwambia kwamba asubuhi ile, alipowatuma wale wanawake bondeni, nilimwelewa kwa mara ya kwanza yule mwanamume wa Dar es Salaam ambaye sikumwona akipika. Mama aliinua sufuria kuelekea mwanga akatafuta masizi.

Hawakumpa kiti wala soda. Mwezi uliofuata walimwita kwenye msiba, kisha kwenye harusi, na siku hizi kila anapopika kuna mwanamke amesimama kando yake anamweleza. Nasikia wanashindana. Wapo wanaosifiwa kwa kueleza vizuri kuliko walivyokuwa wakisifiwa kwa kupika. Hospitalini daktari alimwambia kwamba harufu huweza kurudi na huweza isirudi, na kwamba hakuna dawa ya kuiharakisha. Mama aliona ni mtu mkweli, akampelekea ndizi.

Mvua za kwanza ziliponyesha alishuka kuja kunitembelea. Ziwa hakulipenda sana siku zote, alisema ni maji yasiyo na kazi, lakini safari hii alikaa mchangani mbele ya nyumba ya wageni kuanzia asubuhi, miguu ameinyosha, akitazama mawingu yakitembea upande wa Malawi. Yule mama wa Kinyasa alimkaangia dagaa, akamletea kwenye sinia pamoja na chumvi, pilipili na ndimu iliyokatwa. Mama alikula kwa adabu, kama anavyokula siku hizi, kwa sababu ni saa ya kula. Akachukua kipande cha ndimu akakikamua mdomoni bila kufikiri.

Akasita. Uso wote ulijikunja.

"Mama? Kuna nini?"

Aliinua mkono ninyamaze. Alikinyonya kile kipande mpaka ganda, macho yamefumba, mabega yamepanda juu. Kisha akachovya kidole kwenye chumvi, akalamba, akatikisa kichwa. Pilipili, akalamba, akasema hiyo inachoma tu. Akarudi kwenye sinia.

"Chumvi bado," alisema. "Lakini huyu amekuja."

Akanyoosha mkono, bila kunitazama, nimpe kipande kingine cha ndimu.